Springi na Shokabsoba: Dereva Naye Aulizwe



Yako mambo ambayo mabwana wakubwa huyaona kuwa ni ya fundi na karani wa stoo tu, wala si ya chama. Moja ni hili la kununua springi na shokabsoba za magari ya zamani. Mimi nasema ni jambo la chama, tena ni kubwa. Katika Ijara yetu, kutoka Masalani hadi Hulugho na hadi mpaka wa Boni, gari kuukuu ndilo mahali petu pa kazi. Mwenzetu wa kiwandani ana sakafu ya saruji chini ya miguu yake. Sisi sakafu yetu ni springi. Sakafu ikivunjika, wa kwanza kuanguka ni dereva, na wa pili ni utingo aliyekaa juu ya mzigo.

Njia zetu mnazijua. Wakati wa kiangazi ni mchanga na mikunjo kama bati la nyumba. Wakati wa mvua ni ule udongo mweusi unaonata, ukishakauka huacha mitaro migumu kama mawe. Mwisho wa mwaka 2023, na tena mwaka 2024, mafuriko ya mto Tana yalikata njia hata kati ya Garissa na Madogo, mahali palipo na lami. Mwisho wa mwaka 2006 na mwanzo wa 2007, Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka Garissa na Ijara, matabibu, dawa na chanjo za mifugo zilitegemea magari yawezayo kupita njia za namna hii. Hata barabara ya Lamu, Ijara na Garissa iliyo katika mpango wa LAPSSET ikimalizika yote, njia za kwenda manyattani na visimani zitabaki za udongo. Basi jambo hili halitaondoka kesho.

Kwanza tuelewane juu ya kazi ya kila chombo, maana hapa ndipo makosa yanapoanza. Springi ndiyo ibebayo mzigo. Shokabsoba haibebi mzigo hata kidogo. Kazi yake ni kuizuia springi isirukeruke baada ya kupita shimo. Kwa hiyo gari lililolala nyuma haliponi kwa kufungiwa shokabsoba mpya, na gari linalorukaruka haliponi kwa kuongezwa majani ya springi. Lakini mara ngapi tumeona gari limelala, likanunuliwa shokabsoba nne, kisha likarudi barabarani limelala vile vile? Fedha zimekwenda, na ugonjwa umebaki.

Kosa la pili ni lile la kudhani kwamba springi ngumu ndiyo springi nzuri. Karani anaambiwa, "Gari hili hubeba mizigo," naye huagiza springi nene kuliko zote. Sikilizeni hesabu hii. Jani la springi likizidishwa unene mara mbili, ugumu wake hauongezeki mara mbili. Huongezeka mara nane. Hata ukitoka unene wa milimita 7 hadi 8 tu, bila kubadili urefu wala upana, jani linapata ugumu wa karibu mara moja na nusu ya ule wa kwanza. Gari la namna hiyo likiwa tupu, juu ya njia ya mikunjo, magurudumu hayashiki ardhi. Huruka kutoka mkunjo hadi mkunjo. Gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani. Na pigo ambalo springi imekataa kulipokea halipotei: laingia katika chesisi mpaka ipasuke, kisha katika uti wa mgongo wa dereva.

Mgongo huo hauna spea Garissa wala Nairobi. Nchi za Umoja wa Ulaya zilitoa sheria mwaka 2002 juu ya mtikisiko unaoupata mwili mzima wa mfanyakazi. Kwa siku ya kazi ya saa 8, mtikisiko ukipita 0.5 kwa kipimo cha mita kwa sekunde kwa sekunde, mwajiri hana budi kuchukua hatua za kuupunguza, na 1.15 ni mpaka usioruhusiwa kupitwa. Wenzetu wa huko wameona kwamba mtikisiko ni sumu ya kazi kama vumbi na moshi. Je, mgongo wa dereva wa Ijara umeumbwa kwa chuma?

Basi springi ichaguliwe namna gani? Ichaguliwe kwa mzigo wa kweli wa kila siku, si kwa mzigo wa siku moja katika mwaka. Na mzigo wahesabika, hata mahali pasipo na mizani. Pipa la maji la lita 200 ni kilo 200. Pipa la dizeli la kadiri hiyo ni kama kilo 170. Mapipa yenyewe mawili yakaribia kilo 40. Watu 6 na mizigo yao, tuseme kilo 80 kila mmoja, ni 480. Magunia mawili ya kilo 50 ni 100. Jumla ni kilo 990, yaani karibu tani moja, na bado hujatia magurudumu ya akiba, jeki na vyombo. Dereva ndiye ajuaye kama hiyo ndiyo safari ya kila siku au ya mara moja kwa mwezi. Karani aliyekaa Garissa atajuaje asipouliza?

Tena iangaliwe ni gari gani. Land Rover za zamani, tangu ile ya mwaka 1948 hadi Series III iliyokoma mwaka 1985, zina springi za majani mbele na nyuma. Zile zilizoanza na One Ten ya mwaka 1983, ambazo tangu 1990 zaitwa Defender, zina springi za koili. Toyota Land Cruiser za aina ya 70 za kazi nzito, zilizoanza mwaka 1984, zilikuwa na majani pande zote. Tangu 1999 mbele zina koili, nyuma majani. Kwa hiyo kuandika "springi za Land Cruiser" katika karatasi ya kuagizia hakutoshi. Yaandikwe mwaka, aina na namba ya chesisi. Na kwa zile Land Rover za majani, springi ya upande wa dereva na ya upande wa pili hazikuwa sawa kila mara. Kiwanda kilizipa namba mbalimbali. Fundi akizibadilisha pande, gari litainama bure, na lawama itakwenda kwa springi.

Shokabsoba nazo zina sheria zake. Ziagizwe mbili mbili kwa ekseli moja, si moja moja. Urefu wake ulingane na springi. Ikiwa fupi mno, hujinyoosha mpaka mwisho kila gurudumu liingiapo shimoni, na vishikio vyake hukatika. Ikiwa ndefu mno, hujibana mpaka mwisho kabla ekseli haijafika kwenye raba ya kugongea, ikapasuka ndani. Juu ya njia ya mikunjo shokabsoba hufanya kazi bila kupumzika, na kazi hiyo huwa moto. Mafuta yake yakipata moto sana na kuchanganyika na hewa hutoa povu, na nguvu zake hupungua. Ndiyo maana ile nyembamba ya bei ndogo, iliyoundwa kwa njia za lami, haifai huku hata kama matundu yake yaingia sawasawa.

Kuijua shokabsoba iliyokufa si kazi ngumu. Ikiwa yatoa mafuta, imekwisha. Ikiwa ni kavu, simamisha gari baada ya mwendo wa nusu saa katika mikunjo, ukaribishe mkono kwa kila moja bila kuigusa, maana yaweza kukuunguza. Zilizo moto zinafanya kazi. Ile iliyo baridi peke yake ndiyo iliyolala, na wenzake wanaibebea kazi yake, kama ilivyo kwa wafanyakazi.

Sasa niseme neno kwa ndugu zetu wengine, maana si haki kuwalaumu wakubwa peke yao. Wako madereva wapendao gari liinuliwe juu ili lionekane la kiume. Gari likiinuliwa, uzito wake unapanda juu, na huanguka upesi katika kona. Mipira ya breki inavutika, na propela shafti inafanya kazi kwa pembe mbaya. Wako tena wanaookota abiria na magunia njiani kwa fedha ya mfukoni, kisha springi ikivunjika husema barabara ni mbaya. Tukitaka kuulizwa mashauri juu ya magari, na tuwe watu wa kusema kweli juu ya mizigo tunayoipakia.

Nimesikia pia hoja ya waajiri: fedha ni chache, na gari ni kuukuu. Hoja hii si ya uongo, nami siipuuzi. Lakini haimaanishi tununue kitu kibaya. Yamaanisha tununue kwa hesabu. Springi ya majani ina faida hii, kwamba jani moja lililovunjika laweza kubadilishwa, mradi yale mengine hayajapoteza upinde wake. Yapimwe kutoka katikati ya gurudumu hadi madigadi, kulia na kushoto, gari likiwa tupu mahali tambarare. Mara nyingi gari huhitaji bushi, sheko na yubolti mpya tu, vitu vya bei ndogo, wala si springi nzima. Yubolti za zamani zisirudishwe. Bolti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki, maana raba husokoteka na kuchanika mapema. Na baada ya safari ya kwanza kila bolti ikazwe tena. Gharama kubwa ni ile ya gari lililolala porini siku mbili na mgonjwa ndani yake.

Wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayetia sahihi karatasi ya kununulia haubebi mzigo huu. Kwake ni mwepisi kama usufi. Ndiyo sababu twahitaji sauti mahali pa kuamua, wala hatuombi hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Sheria hiyo yasema pia kwamba mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu amwarifu msimamizi wake, na mwajiri asimrudishe katika hatari hiyo mpaka imeondolewa. Na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yataka gari litunzwe lisilete hatari kwa watu waliomo wala kwa wengine barabarani.

Kwa hiyo naleta mashauri haya mbele ya tawi letu:

1. Kila gari liwe na kadi yake, yenye mwaka, aina, namba ya chesisi, vipimo vya springi na tarehe ya kila kilichobadilishwa.

2. Springi na shokabsoba zisiagizwe kabla dereva wa gari hilo na fundi hawajaandika mzigo wa kila siku na njia wanayopita.

3. Dereva atoapo habari ya ubovu, aitoe kwa maandishi na abaki na nakala. Neno la mdomo hupotea, na siku ya ajali hakuna anayelikumbuka.

4. Mahali penye watu wa kutosha, kamati ya usalama iundwe, na mmoja wa wajumbe wetu awe dereva au utingo.

Haya si mambo ya kugomea. Ni mambo ya kukaa mezani na kupatana. Lakini mezani hatutakaa kama hatuna karatasi mkononi. Basi mwezi huu kila dereva apime gari lake, aandike, alete kwa katibu wa tawi. Tukifika na vipimo vya magari yote ya Ijara, nani atatuambia kwamba hatujui tunalosema?

Umoja ni nguvu.

Mwanachama, Masalani