Usimnyime mtoto lugha ya nyumbani

Huenda nawe umeambiwa hivi: mtoto amechelewa kusema kwa sababu nyumbani mnamchanganyia lugha, basi msemesheni Kiingereza pekee. Wazazi wengi wa Nairobi hutii. Nyanya akija kutoka mashambani, mjukuu humkodolea macho tu.

Ushauri huo hauna msingi. Kusikia lugha mbili au tatu hakumfanyi mtoto akawie kusema. Maneno yake huhesabiwa kwa lugha zote pamoja: akijua "maji" kwa Kiswahili na "cucu" kwa Kikuyu, hayo ni maneno mawili. Na kuchanganya si ugonjwa. Sisi watu wazima twafanya hivyo kila siku ndani ya matatu.

Mtoto hafunzwi lugha ya kwanza kama hesabu. Husikiliza, hubwabwaja apatapo miezi 6 hivi, na hutamka neno la kwanza akikaribia mwaka mmoja. Akisema "taka maji," usimkaripie. Hiyo "na" itakuja. Kinachomfaa ni mtu wa kumjibu. Televisheni haijibu, wala simu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2019 kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kamwe.

Hata hivyo, usikae ukingoja. Iwapo hageuki akiitwa, au amefikisha miaka 2 na bado haunganishi maneno mawili, mpeleke hospitalini apimwe masikio kwanza. Mtajie daktari lugha zote anazozisikia nyumbani, hata ile ya yaya.