Tupige hesabu ya petroli kabla ya kuulaani umeme

Wahenga walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo hutujia akilini kila tunapowasikia baadhi ya ndugu zetu, wengine wao wasomi na wenye dhamana katika ofisi za umma, wakidai kwamba gari la umeme ni anasa ya nchi tajiri na kwamba mnyonge hana budi kubaki na petroli yake. Dai hilo limekwisha kuwa wimbo. Huimbwa katika vijiwe vya kahawa, huimbwa katika vyumba vya walimu, na la kusikitisha zaidi, huimbwa hata na wale wanaoidhinisha ununuzi wa magari ya umma. Tunachowauliza waimbaji hao ni kitu kimoja tu: daftari lenu liko wapi?

Kosa lao la kwanza ni kuchanganya bei ya kununua na gharama ya kutumia. Bei ya kununua hulipwa mara moja. Gharama ya kutumia hulipwa kila siku, mwaka hadi mwaka, mpaka gari litakapokuwa skrepa. Mkulima anayenunua jembe kwa kuangalia bei peke yake, bila kuuliza litalima misimu mingapi, hucheka na muuzaji siku ya soko na kulia peke yake siku ya kulima.

Basi na tupige hesabu pamoja, ndugu msomaji, kwa kalamu na karatasi kama afanyavyo mwalimu ubaoni. Katika miaka ya 2024 na 2025 lita moja ya petroli nchini ilizunguka kwenye shilingi 3,000, mara ikipanda, mara ikishuka. Gari dogo katika foleni za Dar es Salaam, Mwanza au Arusha hutembea kilometa 12 hivi kwa lita. Mwenye kutembea kilometa 1,000 kwa mwezi atatumia lita 83, yaani shilingi 250,000.

Gari la umeme la ukubwa huo hutumia yuniti 18 hivi kwa kila kilometa 100, tukiuhesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Kwa kilometa 1,000 ni yuniti 180. Tusijidanganye kwa kuhesabu ile bei nafuu ya shilingi 100 wanayotozwa watumiaji wadogo, kwa kuwa bei hiyo ina kikomo cha yuniti 75 kwa mwezi, na nyumba inayochaji gari haiwezi kubaki humo. Tuhesabu bei ya kawaida, ambayo pamoja na kodi imekuwa karibu shilingi 360 kwa yuniti. Jumla ni shilingi 65,000. Tofauti ni shilingi 185,000 kwa mwezi, na kwa mwaka inazidi milioni mbili.

Sababu ya tofauti hiyo si uchawi. Injini ya petroli hugeuza robo tu ya nguvu ya mafuta, au pungufu ya robo, kuwa mwendo. Sehemu kubwa iliyobaki hutoka kama joto kwenye rejeta na katika bomba la moshi. Mota ya umeme hutumia zaidi ya sehemu nane katika kumi za umeme uliomo katika betri, na gari linaposhika breki au kuteremka mlima, sehemu ya nguvu hurudishwa betrini. Aidha, gari hilo halihitaji oili ya injini wala plagi, na halina filta ya mafuta ya kubadilishwa. Matairi yake huweza kuisha upesi kidogo kwa sababu ya uzito wa betri, lakini fundi wake ana kazi chache.

Wapinzani watasema kwamba petroli inaonekana ghali kwa sababu imebeba kodi na tozo, ikiwemo ile ya Mfuko wa Barabara. Hoja hiyo ni ya haki, nasi hatuikwepi. Ondoeni shilingi 1,000 nzima katika kila lita. Mwenye gari la petroli bado atalipa kiasi cha shilingi 166,000 pale ambapo mwenzake wa umeme analipa 65,000. Ni kweli pia kwamba barabara hazijengwi kwa maneno, na kwamba siku magari ya umeme yatakapokuwa mengi nayo yatapaswa kuchangia matengenezo yake. Utaratibu huo upangwe mapema, usingoje mpaka mfuko utoboke.

Watasema tena kwamba betri huchakaa. Huchakaa, naam. Watengenezaji wengi wa magari mapya huidhamini kwa miaka minane au kilometa 160,000. Lakini Mtanzania wa kawaida hununua gari kuukuu kutoka Japani, na hapo ndipo tahadhari inapohitajika. Magari ya kwanza ya Nissan Leaf, yaliyoanza kuuzwa mwaka 2010, yalikuwa na betri ya yuniti 24 isiyo na mtambo wa kuipoza, na katika nchi za joto betri hizo zilidhoofika upesi. Anayeliokota gari la namna hiyo kwa bei ya kutupa, kisha akalileta katika joto la Pwani bila kupima betri, asiulaani umeme. Ailaani papara yake.

Sasa tufikie kiini cha makala haya. Tuseme gari la umeme limezidi bei ya mwenzake wa petroli kwa shilingi milioni 10. Mwalimu anayetembea kilometa 300 kwa mwezi, kwenda shuleni na kurudi, atahitaji miaka 15 kuirudisha fedha hiyo. Kwake yeye kukopa ili kununua gari la umeme ni hasara, nasi tunamshauri asikope. Anayetembea kilometa 1,000 atairudisha kwa miaka minne na nusu. Lakini gari la kazi linalotembea kilometa 3,000 kwa mwezi litairudisha kwa mwaka mmoja na nusu, na baada ya hapo kila kilometa ni akiba.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba umeme si wa gari la fahari linalolala wiki nzima uani likifunikwa turubai. Umeme ni wa chombo kinachofanya kazi kutwa: bodaboda, bajaji, teksi, daladala, na gari la ofisi. Tazameni kijana wa bodaboda anayetembea kilometa 120 kwa siku. Hutia lita tatu, shilingi 9,000. Pikipiki ya umeme ingemtosheleza kwa yuniti tano, ambazo kwa luku ya nyumbani kwake hazifiki shilingi 2,000. Zaidi ya shilingi 7,000 zingebaki mfukoni mwake kila jioni. Hiyo ni ada, ni unga, ni bati la nyumba. Nani basi aliyesema kwamba umeme ni anasa ya matajiri?

Hata hivyo tuwe macho. Kama kijana huyo hana mahali pa kuchajia, atakodi betri katika kituo cha mtu, na mwenye kituo ataweka faida yake. Hatukatai faida iliyo halali. Tunachokataa ni kumtoa kupe wa mafuta mgongoni mwa mnyonge na kumpandisha kupe wa betri. Vyama vya ushirika vya waendesha bodaboda vingeweza kumiliki vituo vyao wenyewe, na halmashauri zetu zina wajibu wa kuwapa viwanja na kuwaunganishia umeme.

Jambo hili linapita mfuko wa mtu mmoja. Petroli tunayoichoma huagizwa kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni, fedha ambazo mkulima wa korosho, kahawa na pamba amezitolea jasho. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER pale Kigamboni kilichoanza mwaka 1966 hakisafishi tena, na hata kiliposafisha, mafuta ghafi hayakuwa yetu. Wazee wetu wanakumbuka jinsi bei ya mafuta ilivyopanda mara nne kati ya 1973 na 1974, na jinsi magari ya watu binafsi yalivyokatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Vijana wanakumbuka mwaka 2022, vita vilipozuka Ukraine, nchi ambayo haipakani nasi. Mwezi Juni mwaka huo Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100, na bado mwezi Agosti lita moja mjini Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,400.

Umeme wetu, kwa upande mwingine, hutoka kwa sehemu kubwa katika maji ya mito yetu na gesi ya ardhi yetu. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2024. Ethiopia, ambayo nayo ina mabwawa na haina mafuta, ilitangaza Januari 2024 kuzuia uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli. Hatusemi tuige kila hatua ya jirani. Tunasema jirani amepiga hesabu.

Tunakiri kwamba umeme uliomo bwawani si umeme uliofika mtaani. Nyaya zikatikapo na transfoma ziungazapo, mwenye pikipiki ya umeme atakaa kitako kama mwenye mashine ya kusaga. Kwa hiyo kazi ya kuimarisha njia za umeme ni sehemu ya hesabu hii, na wanaoisimamia hawana budi kuambiwa hivyo bila kuonewa haya.

Mwisho tunawageukia watumishi wa umma. Gari la ofisi linalozunguka mjini kutwa ndilo lenye hesabu nyepesi kuliko yote, na ndilo ambalo mara nyingi hununuliwa bila hesabu yoyote. Kwa nini shangingi la dizeli, lililotengenezwa kwa ajili ya matope ya mbugani, litumike kupeleka barua kutoka jengo moja hadi jingine? Kila anayetia saini hati ya kununua gari la umma aandike pembeni mwa bei: litatembea kilometa ngapi, litakula nini, na kwa miaka mingapi. Akishindwa kuandika, asitie saini. Fedha hizo si zake, ni za wananchi, na wananchi wana haki ya kuliona daftari.