Kuongeza matiti kwa operesheni: hesabu haiishii siku ya kupasuliwa

Picha zinapita kila siku kwenye simu: mwanamke kabla ya operesheni, mwanamke kisha operesheni. Kutoka Kalundu hadi Kavimvira, kuna mabinti wanaojiuliza kama nao wanaweza. Inawezekana. Lakini picha haioneshi miaka inayofuata.

Operesheni huchukua saa moja ao mbili, mgonjwa akiwa katika usingizi wa dawa. Munganga anapasua chini ya titi, kandokando ya chuchu ao kwapani, anaingiza kifuko cha silikoni ao cha maji ya chumvi, kisha anashona. Maumivu na uvimbe hufuata. Kazi nyepesi inaweza kuanza tena baada ya juma moja ao mawili, lakini vitu vizito vinangoja hadi majuma sita hivi. Hapa Uvira, ambapo bidoni ya litre 20 hubebwa kila siku, nani atachota maji?

Kuna kubwa zaidi. Vifuko havidumu maisha yote. FDA, idara ya Marekani inayosimamia dawa, inasema hadi wanawake 20 kwa 100 hutolewa vifuko ndani ya miaka 8 hadi 10. Titi linaweza kukazana na kuuma. Kifuko cha silikoni kinaweza kupasuka pasipo mwenyewe kujua, mpaka mashine ya ekografi ao IRM ioneshe.

Ufaransa inajua uchungu huo. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba kampuni PIP ilijaza vifuko vyake silikoni ya viwandani, isiyofaa kwa mwili wa mtu. Wanawake karibu 30 000 nchini humo walikuwa navyo. Mwenye kampuni, Jean-Claude Mas, alihukumiwa miaka 4 ya kifungo mwaka 2013. Ndiyo maana karatasi yenye jina la kiwanda na namba ya kifuko haipaswi kupotea.

Anayevuka kwenda Bujumbura, ao anayepanda boti kuelekea Kigoma hadi Dar es Salaam, anarudi na kifuko mwilini. Munganga wake anabaki ng'ambo. Homa ikipanda usiku na mpaka umefungwa, atakimbilia wapi?

Basi, kabla ya kulipa hata dola moja, aulize: nani atamfuata hapa nyumbani? Kutoa kifuko ni bei gani? Na kama bado anataka kuzaa, je, atanyonyesha? Munganga asiyejibu hayo, afadhali kumuacha na picha zake.