Mtuachie Karatasi ya Rafu

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kanazi, Ngara, na usajili ulikuwa unakaribia kufungwa. Mfumo wa chuo ukawa unazunguka tu. Nikapanda bodaboda mpaka Ngara mjini, nikashinda stesheneri, nikarudi mikono mitupu. Nilijisajili kwa kuchelewa, nikalipa faini, na bumu lenyewe likachelewa.

Baadaye jamaa mmoja wa mifumo akanieleza: siku zile zile ofisi zilikuwa zinatoa ripoti za matokeo kwenye seva ile ile tunayojisajilia. Nikamuuliza, kwani hamna seva ya nakala? Ipo, akasema, ila ni ya kusoma tu, na ripoti zinahitaji majedwali ya muda. Haiwezekani.

Hapo sikubaliani naye. Jedwali la muda ni kama karatasi ya rafu kwenye mtihani wa hesabu: unakokotoa, ukimaliza inatupwa. Halibadilishi alama ya mtu yeyote. MySQL, hata ikiwekwa ya kusoma tu, inaruhusu majedwali hayo. SQL Server nayo huyaweka kwenye tempdb, pembeni kabisa, nakala haiguswi. Inayokataa kweli ni PostgreSQL, maana kuunda jedwali, hata la muda, ni kuandika kwenye katalogi ya mfumo, na seva ya nakala hairuhusu kuandika humo.

Kumbe chuo kinatumia hiyo hiyo. Sawa, jamaa hakunidanganya. Lakini kutoka hapo mpaka "haiwezekani" ni mbali, jamani! Hatua nyingi za ripoti zinaweza kuunganishwa ndani ya swali moja kwa WITH, na hilo nakala inalikubali. Zikiwa nzito mno, tangu toleo la 10 la mwaka 2017 PostgreSQL yenyewe inaweza kupeleka majedwali machache tu kwenye seva nyingine inayoruhusu kuandika. Ofisi ikajaze rafu yake huko mpaka ichoke.

Najua nakala huweza kuwa nyuma kidogo ya seva kuu. Sasa matokeo ya muhula uliokwisha yana haraka gani?

Gharama ipo, ya seva na ya muda wa mtu wa kuandika upya ripoti. Kwa sasa gharama hiyo tunailipa sisi, kwa faini na nauli za bodaboda. Viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi walipeleke hili kwa uongozi kabla dirisha lijalo halijafunguliwa. Mimi wakati huo nitakuwa Kanazi tena, kwenye mazoezi ya kufundisha.