Siyo Wewe Mama, Ni Mimi

Mwezi huu tunaomba tuwasimulie jambo lililotokea nyumbani kwetu, ingawa tunaona haya kidogo kulieleza. Wengi wenu mna watoto wanaoijua kompyuta kuliko sisi tuliowazaa, na huenda yaliyotupata yakawafaa.

Tulinunua kompyuta ndogo ya kubeba iliyokwisha kutumika, ya aina iitwayo Chromebook. Kompyuta hizi zilianza kuuzwa mwaka 2011, na nyingi hutumiwa na wanafunzi. Bei ilikuwa nafuu, nasi tulikuwa na mahitaji mawili. Mwanetu wa Kidato cha Pili alihitaji kujisomea, na sisi tuliokabidhiwa hazina ya kikundi cha akina mama kanisani tulihitaji mahali pa kuandikia michango ya mfuko wa wajane.

Mwanetu aliifurahia siku mbili tu. Siku ya tatu alikuja amenuna. Gemu ya mpira wanayocheza wenzake ilikataa kuingia. Kompyuta hiyo haitumii Windows. Ina mfumo wake wenyewe, nao haupokei programu zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows. Tena kila inapowashwa hujikagua kwanza kuona kama mfumo huo umeguswa na mtu. Sisi wauguzi tunaweza kuufananisha na kichupa cha dawa ya sindano: ukikuta kifuniko kimekwisha kufunguliwa, humchomi mgonjwa. Tulimwambia mwanetu, "Hiyo ni ya masomo," tukaendelea na kazi zetu. Hatukumwuliza neno jingine.

Jumamosi moja tulikuwa zamu ya usiku. Kumbe mwanetu alikuwa amepata kwa rafiki yake maelezo ya kuufungua mfumo ule. Unabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, kisha vingine viwili, na kompyuta inaacha kujikagua. Hapo mtu anaweza kuweka mfumo mwingine uitwao Linux, na baadaye gemu. Jambo ambalo hakulisoma vizuri ni kwamba kompyuta, kabla ya kukubali, hufuta kila kilichohifadhiwa ndani yake. Imetengenezwa hivyo makusudi, ili mwizi akiiiba asipitie mlango huo kusoma mambo ya mwenye mali. Michango ya miezi 14 ikafutika usiku ule. Na gemu yenyewe hakuipata, maana bando liliisha katikati ya kazi.

Asubuhi tulipotoka zamu tuliwasha kompyuta ili tujiandae kwa mkutano wa mchana. Tulikuta onyo kwenye kioo kwamba ukaguzi wa mfumo umezimwa, na kwamba ili kuurudisha tubonyeze kile kitufe kirefu cha chini. Kwa hofu tukabonyeza, tukakubali kila tulichoulizwa. Kompyuta ikawaka kama mpya, na faili letu halikuwepo. Tukaamini kabisa kwamba ni mkono wetu ulioharibu.

Mchana tulisimama mbele ya akina mama 31 tukawaambia kwamba tumepoteza hesabu zao kwa kubonyeza kitufe tusichokijua. Hakuna aliyetutukana. Ila mama mmoja mjane, aliyekuwa apokee fungu lake mwezi ule, aliuliza kwa sauti ya chini, "Sasa mimi itakuwaje?" Swali hilo lilituondolea usingizi siku tatu. Mwanetu alikuwa amesimama karibu na dirisha, akitungoja atubebee mfuko. Aliyasikia yote.

Jumatano jioni tulikuwa jikoni tukichambua mchele. Akaja, akasimama mlangoni, akasema, "Mama, siyo wewe. Ni mimi." Kisha akaeleza yote, tangu vitufe vya kwanza.

Hatutawaficha, hasira ilitupanda. Baba yake aliposikia alitaka kompyuta iuzwe kesho yake. Tukamwomba asubiri, kwa sababu tulikuwa tumeliona jambo moja. Mtoto huyu alikuwa amekwisha kupona. Mama yake alilibeba kosa mbele ya watu, na hakuna ambaye angekuja kulijua. Angeweza kunyamaza, akala, akalala. Kazini tunawapokea wagonjwa wengi waliochelewa kwa sababu ya aibu tu, na wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwanetu alikuja na donda lake mwenyewe, likingali bichi. Kama tungempiga jioni ile, angejifunza kwamba kunyamaza kuna nafuu kuliko kusema kweli.

Adhabu ilikuwepo. Jumapili iliyofuata alisimama mwenyewe mbele ya akina mama akaomba radhi. Kisha kwa jioni tisa alikaa nasi na stakabadhi na vikadi vya wanachama, akiandika upya jina kwa jina. Hesabu ililingana na fedha zilizoko benki, isipokuwa shilingi 4,000 ambazo tulizilipa sisi. Yule mama alipata fungu lake, ingawa alichelewa majuma mawili.

Nasi tulikuwa na makosa yetu. Hesabu za watu tuliziweka mahali pamoja tu. Siku hizi tunaziandika kwenye daftari, na nakala ya faili inakaa nje ya kompyuta. Kosa la pili ni kubwa zaidi: hatukumwuliza mtoto kwa nini anaitaka gemu ile. Tulipouliza, akasema wenzake hufanya ligi kila Ijumaa, naye hukaa pembeni akitazama. Sasa Ijumaa anakwenda kwa jirani kucheza kwa saa mbili, kwa ruhusa yetu na ya mama wa nyumba ile, kisha anarudi.

Akina mama wenzetu, mkinunua kompyuta ya aina hii iliyotumika, mwambieni muuzaji aiwashe na kuiunganisha na intaneti kabla hamjalipa. Ikijitambulisha kuwa iko chini ya shule au kampuni fulani, iacheni. Hata ikifutwa, mara nyingi ikipata tena intaneti hurudi chini ya mamlaka ile ile. Na kama mtoto ameazimwa na shule yake, mwambieni wazi kwamba kile ni cha watu, na kufuli lake si letu kulifungua.

Wengine mtauliza kama gemu ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani limeutaja ugonjwa wa michezo hiyo katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini dalili zake ni nzito: mtoto hawezi tena kujizuia, mchezo unatangulia mbele ya mambo mengine yote, na anaendelea ingawa anaona unamdhuru. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 au zaidi. Mtoto anayetamani kucheza na wenzake si mgonjwa. Mwangalieni usingizi wake kwanza, kwa kuwa kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Gemu ikianza kula saa hizo, msisubiri, zungumzeni naye.

Kompyuta bado tunayo. Kila mwisho wa mwezi mwanetu hutusomea majina, nasi tunaandika kwenye daftari. Juzi alikosea tarakimu moja. Tulikuwa tumekwisha kupita ukurasa ule, aliporudi nyuma mwenyewe akasema, "Mama, subiri. Hapo nimekosea."