Zabuni zinahamia mtandaoni, malipo yatahamia lini?

Kwa miaka mingi, kijana aliyetaka tenda ya kaunti aliijua njia yake. Unatafuta tangazo gazetini, unapiga chapa makaratasi, unayafunga kwenye bahasha ya kaki, halafu unakimbia kuitumbukiza katika kisanduku cha zabuni kabla saa ya mwisho haijapita. Yaliyofuata baada ya hapo waliyajua wenye ofisi.

Sasa Serikali ya Kitaifa inataka kisanduku hicho kiondoke. Hazina ya Kitaifa iliagiza kwamba kuanzia Julai 1, 2025, wizara, mashirika ya umma na kaunti zote 47 zifanye manunuzi yao kupitia mfumo mmoja wa mtandaoni, e-GP. Magavana walipinga. Walisema hawakushirikishwa vya kutosha, maafisa wao hawajafunzwa, na sehemu nyingi mtandao ni wa kubahatisha. Kesi zikafika Mahakama Kuu, na agizo hilo likasimamishwa kwa muda. Rais William Ruto naye akashikilia kwamba lazima mfumo utumike.

Mvutano huu umesimuliwa sana kama vita vya Ikulu na magavana. Mimi nauangalia kwa jicho la muuzaji mdogo, kwa sababu yeye ndiye anayeumia mpaka leo.

Hivi karibuni nilikuwa Kiogoro, wadi iliyo katika eneo bunge la Nyaribari Chache, kaunti ya Kisii, kumtembelea rafiki niliyesoma naye diploma. Kule ni milima na migomba, si minazi na mikoko. Lakini mazungumzo ya dukani jioni yalikuwa yale yale ninayoyasikia Likoni na Msambweni: tenda amepewa nani, na aliyepewa mwaka juzi amelipwa? Kijana mmoja alinieleza jinsi kikundi chao kilivyopata cheti cha AGPO, kikakopa pesa kwenye sacco, kikapeleka viti na meza kwa serikali moja ya kaunti. Mzigo ulipokelewa na karatasi ikapigwa muhuri. Huu ni mwaka wa pili wanazungushwa, na riba ya sacco haingoji.

Kisheria, kijana huyu hana sababu ya kulia. Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka manunuzi ya umma yawe ya haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Sheria hiyo hiyo inaitaka kaunti iweke angalau asilimia 20 ya manunuzi yake kwa wakaazi wake. Kwa karatasi, mlango uko wazi Kiogoro na uko wazi Kiunga.

Kwa hivyo mimi siwaungi mkono wanaotaka kurudi kwenye bahasha. Mfumo wa mtandaoni una faida ya kweli. Ombi lako linabaki limefungwa hadi saa ya kufunguliwa, kwa hivyo hakuna wa kuchomoa ukurasa mmoja usiku ili kesho uambiwe hukutimiza masharti. Kila anayegusa faili anaacha alama. Wenzetu wa Tanzania walianza kutumia mfumo wao wa NeST Julai 2023, na Rwanda wana wao, Umucyo, kwa miaka kadhaa sasa. Kenya haifanyi jambo la ajabu.

Lakini tusidanganyane kwamba kompyuta ina maadili. Mwaka 2014 tuliambiwa ununuzi kupitia IFMIS ndio utakaomaliza wizi. Mwaka uliofuata ikazuka kashfa ya NYS ya Sh791 milioni, na moja ya madai makubwa ilikuwa kwamba nywila za maafisa zilitumiwa na watu wengine kupitisha malipo. Mashine humtii anayeshika nywila.

Tena kuna wizi ambao hauhitaji kuchomoa ukurasa. Februari 2025 mahakama ilimpata na hatia aliyekuwa gavana wa Kiambu, Ferdinand Waititu, katika kesi ya zabuni ya barabara ya Sh588 milioni. Amekata rufaa, na hiyo ni haki yake. Funzo kwetu ni kwamba kesi ile ilihusu mgongano wa maslahi, yaani uhusiano kati ya mwenye kutoa kazi na kampuni iliyoipata. Mfumo ukituonyesha jina la kampuni bila kutuonyesha wenyewe hasa ni kina nani, tutakuwa tumeona kanzu bila kumjua aliyeivaa.

Jambo kubwa zaidi ni malipo. Kufikia Juni 2025, takwimu za Msimamizi wa Bajeti zilionyesha kaunti zikidaiwa zaidi ya Sh170 bilioni, Nairobi ikiongoza. Hizi si hesabu za vitabuni tu. Ni duka lililofungwa, ni lori lililochukuliwa na benki, ni mzee aliyeweka hati ya shamba rehani kwa ajili ya mwanawe. Sheria inamkataza afisa kuanza ununuzi kabla ya kuhakikisha kuna pesa za kutosha katika bajeti iliyoidhinishwa. Ni kweli Hazina huchelewesha mgao wa kaunti, na magavana wana haki ya kulalamika. Lakini ucheleweshaji wa mgao hauelezi kwa nini mwenye deni la mwezi jana analipwa, na mwenye deni la miaka mitatu anaambiwa aje wiki ijayo.

Hapo ndipo rushwa ilipohamia. Zamani ulihonga ili upate kazi. Siku hizi unapata kazi, unaifanya, halafu unahonga ili ulipwe jasho lako. Kuhamishia zabuni mtandaoni huku foleni ya malipo ikibaki gizani ni kuziba tundu moja la mtumbwi na kuacha lingine.

Kwa hivyo nauliza mambo matatu, na nayauliza kwa Hazina na kwa magavana wetu sita wa Pwani pia. Kwanza, foleni ya malipo iwekwe wazi: nani anadai, tangu tarehe gani, na nani amelipwa kwanza. Pili, majina ya wamiliki halisi wa kila kampuni iliyoshinda yaonekane kwa mwananchi. Tatu, kila wadi iwe na mahali pa kusaidiwa kujisajili bure, maana mama wa kikundi cha Faza akilazimika kumlipa kijana wa saiba kila anapoomba kazi, tutakuwa tumeongeza dalali mwingine tu.

Nasi tusikae kungoja. Tangu Julai 2018, kwa amri ya Rais, taasisi za umma zinatakiwa kuchapisha kwenye tovuti ya serikali zabuni zilizotolewa na waliozipata. Fungua, soma, uliza. Ukiombea kazi ukaona umeonewa, una siku 14 kupeleka malalamiko kwa Bodi ya Rufaa za Ununuzi, nayo ina siku 21 kuamua. Na si lazima uwe mkandarasi ili uulize: Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba orodha ya madeni ya kaunti yake kwa barua ya kawaida.

Wazee wetu walisema dawa ya deni kulipa. Dini nayo imetufunza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Jasho la yule kijana wa Kiogoro limekauka zamani, na sasa kilichobaki ni riba. Gavana atakayekuwa wa kwanza kubandika orodha ya anaowadia pesa zao, pamoja na tarehe, ndiye nitakayemwamini anaposema anataka uwazi, awe anatumia kompyuta au kalamu.