Ardhi Isomwe Kabla ya Kujengwa

Mji ukikua, shamba hurudi nyuma. Palipolimwa mihogo jana, leo hupimwa kwa kamba, na kesho huchimbwa msingi wa nyumba. Maendeleo hayo hatuyapingi. Lakini jembe la mkulima hugusa udongo wa juu tu. Msingi hushuka chini zaidi, na kinachovunjwa huko hakirudi tena.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa mambo ya kale hutaka ardhi ijaribiwe kwanza. Kazi yao si uchawi, wala hawatafuti dhahabu. Hutembea shambani kwa mistari, wakitazama vigae na mavi ya chuma, na kuandika mahali kila kimoja kilipoonekana. Kisha huchimba mashimo machache, pengine ya meta moja kila upande, wakishuka tabaka kwa tabaka na kuchekecha udongo. Wakipata makaa, huyapima ili kujua umri wake. Pasipo na kitu, mwashi na ajenge. Penye kitu, pachimbwe taratibu kwanza, au jengo lisogezwe.

Je, katika Katanga yetu kimo cha kutafutwa? Kimo. Mwaka 1984 Anciaux de Faveaux na Pierre de Maret walieleza ya kuwa huko Naviundu, karibu na Lubumbashi, watu waliyeyusha shaba yapata karne ya 4 au ya 5. Basi ufundi huo ulikuwapo zamani sana kabla ya migodi ya wageni.

Tena tutazame Sanga, karibu na ziwa Kisale, ambako Jacques Nenquin alianza kuchimba makaburi ya kale mwaka 1957. Humo zilionekana kazi nzuri za udongo, chuma na shaba, pamoja na misalaba midogo ya shaba. Kwa kuwa iliandikwa kila msalaba ulilala wapi karibu na mifupa, na ukubwa wake ukapimwa, wataalamu waliweza kutambua ya kuwa misalaba ile ilipata kutumika kama fedha. Lau ingaling'olewa na kuuzwa sokoni, nani angalijua? Kitu kilichoondolewa mahali pake ni shahidi aliyekatwa ulimi.

Tangu tarehe 15 Machi 1971 nchi yetu ina sheria ya kulinda mali ya utamaduni. Lakini sheria haina macho. Macho ni yetu. Sisi tunaokaa Kasenga, ukingoni mwa Luapula, tukichimba msingi au kisima na kukuta chungu kizima, shaba au mifupa, tuache jembe hapo hapo. Tusikiondoe, tusikiuze. Tumpashe habari mkuu wa kijiji au mwalimu, ili ifike serikalini na kwenye makumbusho ya Lubumbashi.

Nyumba ikichelewa juma moja itajengwa bado. Habari za wazee wetu zikivunjwa kwa sururu, hakuna fundi wa kuzijenga upya.